Kuchota unga wa tumbawe kwa kipimo cha kaboni-14

Hamjambo watazamaji, karibuni Malindi. Leo ni unga tu, wa kupimwa kaboni-14, ile kaboni nzito inayooza polepole. Kupiga mbizi na kukata, hiyo ni video nyingine, na tumbawe la hifadhi haliguswi bila kibali.

Hiki ni kipande cha Poraitesi, aina ya tumbawe, unene milimita 7. Kimeoshwa kwa maji safi, kikakaushwa kwa nyuzi 40. Eksrei yake hii: mstari mweupe na mweusi, jozi moja ni mwaka mmoja. Pimeni... kama sentimita 1. Tukichota kila milimita 1 tunapata sampuli kumi hivi kwa mwaka, kwa hiyo kusi na kaskazi havichanganyiki.

Biti ya milimita 1. Chimba mfereji wa urefu wa milimita 4, kina 3, ukilala SAMBAMBA na mstari. Narudia, sambamba! Ukienda mshazari, miezi inaingiliana na maabara haiwezi kuitenganisha tena. Na drili izunguke polepole. Ikipata moto, aragonaiti, yaani chokaa cha tumbawe, inageuka kalsaiti, chokaa cha umbo lingine.

Ona hapa, sogeza kamera. Tundu la mnyoo. Ruka, nenda pembeni kwenye mwaka uleule, kwa sababu ndani ya tundu huota chokaa kipya. Halafu... feni! Zimeni feni, unga unaruka! Haya, huo umekwenda. Tunachimba mwingine.

Tunataka miligramu 10. Kaboni ni asilimia 12 tu ya uzito, kwa hiyo hapo mna zaidi kidogo ya miligramu 1. Futa biti kila sampuli, na mikono isiwe na mafuta: mafuta nayo ni kaboni.

Maabara itaumwagia asidi ya fosforasi, gesi itoke, igeuzwe grafaiti juu ya unga wa chuma. Mashine inahesabu atomi za kaboni-14 zenyewe. Nusu-maisha ya kaboni-14 ni miaka 5,730, nani atangoja zioze?

Majibu yanasomwaje? Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa hewani yaliijaza anga kaboni-14, kilele kikawa 1963 na 1964. Maji ya juu yakainywa taratibu. Ya kilindini hayakuipata, ni ya zamani. Kipimo kikishuka ghafla, shuku maji yaliyopanda kutoka chini, kisha uliza ni msimu gani. Wakati wa kusi mkondo wetu wa bahari unakwea moja kwa moja hadi Somalia. Kaskazi ikivuma, mkondo wa Somalia unageuka, unashuka, na hiyo miwili inakutana huku kwetu, upande wa Lamu. Mvuvi yeyote anakwambia. Tumbawe linakupa tarehe.

Jiwe la karibu na mdomo wa Sabaki mimi silitaki. Mto unaleta kaboni yake na kuvuruga hesabu.

Mwisho, kichupa. Namba iandikwe KABLA ya kuchota. Unga wa Januari na wa Juni ukiuweka mezani, wote mweupe pe.