Mama, Wewe Mwenyewe Ungeinunua?

Mhadhara kwa vijana wanaoanza udalali wa nyumba na viwanja, Dar es Salaam. Umeandikwa kama ulivyotolewa.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, hamjambo? Haya. Mwenyeji wetu kaniomba nizungumzie udalali "kwa mapana yake". Mapana sina. Nina jambo moja, na baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema mpaka mnaweza kunimalizia sentensi. Naona pale nyuma wameanza kucheka. Chekeni, mtalisikia tena.

Kiwanja kinatazamwa Aprili.

Aprili masika yamekolea. Agosti kila kiwanja ni kizuri. Agosti hata bondeni kuna vumbi, muuzaji kafyeka majani, kachoma, kapaka chokaa mawe ya mpaka, unasimama pale upepo unakupuliza na umeshaanza kupanga jiko likae upande gani. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuuza kiwanja Agosti.

Kuna anayetaka kunijibu: mama, mteja hawezi kungoja masika. Najua hawezi. Mteja ana hela leo, kesho ada za shule zimeimeza. Ndiyo maana nasema wewe dalali ndiye uwe umeshakiona. Kama siku unayompeleka mteja ndiyo siku yako ya kwanza kufika pale, sasa asilimia yako unaidai kwa lipi? Kwa kukaa naye bodaboda moja?

Niwape kisa cha kaka mmoja anayefanya kazi Maskati. Waliokwisha kukisikia wavumilie. Kaka huyu alikuja likizo, Agosti hiyohiyo, kapata kiwanja upande wa Kinyerezi kupitia winga, yaani dalali wa mitaani, si mimi. Akanipigia: "Mama, twende ukanisaidie macho." Tukaenda. Bei ilikuwa ya kutupa, na mjini hapa kitu cha bei ya kutupa lazima kuna mtu kakitupa. Kiwanja tambarare, kipana, nyuma yake kimfereji kikavu ambacho kuku wanapita kwa miguu. Muuzaji akasema kile kilikuwa kijito zamani, kimekufa. Mto Msimbazi unatoka huko vilima vya Pugu mpaka baharini, na vijito vyake vimesambaa kote kule. Hakuna hata kimoja nilichowahi kuhudhuria maziko yake.

Mimi sikubishana naye. Nilizunguka. Jirani wa kushoto nyumba yake ina ngazi nne mpaka mlangoni, na ardhi pale ni sawasawa kabisa. Mtu hajengi ngazi nne kwa kupenda mazoezi. Jirani wa kulia kapaka ukuta rangi ya kahawia kuanzia chini mpaka usawa wa magoti. Mtasema ni urembo, wengi wanapaka hivyo. Sawa, lakini yeye kapaka upande mmoja tu, ule unaotazama mfereji. Nyuma kuna matairi mabovu yamepangwa na kujazwa udongo, na viroba vya mchanga vilivyochakaa vimeota nyasi. Kidogo mbele kuna matuta ya mchicha, magimbi, na matete. Agosti! Matete Agosti yanakunywa nini?

Halafu nikaenda kwa watu. Wanangu, msimuulize muuzaji, na mjumbe mumuulize mwisho, maana naye ana chake kwenye mauzo. Muulizeni mama ntilie na bodaboda. Nikamuuliza kijana wa bodaboda, bila kumwambia nanunua nini: "Masika unaniletea mzigo mpaka hapa?" Akasema, "Hapana mama, masika tunaishia pale dukani." Kutoka pale dukani mpaka tuliposimama ilikuwa mwendo wa kumaliza muhogo mmoja wa kuchoma. Nadhani hakuna mpima ardhi ambaye angenipa taarifa ile kwa shilingi sifuri.

Nikamwambia kaka wa Maskati: usinunue. Unajua alinijibuje? "Nitamwaga kifusi." Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kila mwaka kuna mtu wa kifusi. Kifusi kinainua kiwanja chako, maji hakiyamalizi. Yale yaliyokuwa yapite kwako yanakwenda kwa jirani mwenye ngazi nne, naye mwakani anaongeza ngazi ya tano, na kesi inakuja serikali ya mtaa. Na piga hesabu ya tripu za lori kwanza, uone kama ile bei ya kutupa bado ni ya kutupa. Halafu kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Mita 60! Kiwanja chake chote hakikufika huko. Yaani hata kingekuwa kikavu kama biskuti, bado siku moja mtu angekuja na kopo la rangi nyekundu akaandika X ukutani. Wakazi wa bonde la Msimbazi waliziona hizo X mwishoni mwa 2015, na tingatinga likafuata. Kabla yake, Desemba 2011, mafuriko yaliwatoa watu Jangwani na mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Halafu ukaja mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, watu wakalipwa fidia waondoke. Habari hii si siri, ipo magazetini miaka yote.

Alinunua. Si kwangu, kwa yule winga. Zilipokuja zile mvua za El Niño, vuli ya 2023 mpaka masika ya 2024, kimfereji cha kuku kiliamka. Nyumba alikuwa hajajenga, alhamdulillahi. Lakini ukingo uliliwa. Mkataba wake unasema mita 25 kwenda nyuma. Ukivuta futikamba leo, mwisho wake unaning'inia hewani juu ya maji. Na kile alichobaki nacho anakitangaza. Alinitumia picha nimuuzie. Picha za Agosti.

(Kicheko)

Mnacheka, lakini ndipo ninapopataka. Nikamwambia nitakitangaza, ila nitaandika kila kitu: mto nyuma, ukingo unaliwa, pikipiki masika inaishia dukani. Akakata simu.

Mimi matangazo yangu naandika na kasoro, na wenzangu wanasema nitakufa njaa. Niliwahi kutangaza nyumba Tabata nikaandika: maji ya bomba yanatoka usiku, na si kila usiku, msikiti uko ukuta kwa ukuta, chumba cha tatu kina joto mchana kwa sababu dirisha linatazama magharibi. Wenye nyumba walinuna. Waliopiga simu walikuwa wachache, kweli. Lakini kila aliyepiga alikuwa anajua anakuja kuona nini. Mmoja alikuja na fundi wake kupima pa kuweka simtanki. Mzee mwingine alisema anaitaka kwa ajili ya huo msikiti, miguu imechoka, anataka kusali jamaa bila kupanda daladala. Ndiye aliyeichukua. Wewe unayeandika "eneo tulivu, dakika tano kutoka lami" unazungusha watu juani wiki nzima, kila mmoja akifika anauliza lami iko wapi, halafu unawadai hela ya usumbufu. Usumbufu wa nani?

Sasa, swali ambalo wateja wananiuliza kuliko yote, na nawasihi mlizoee, ni: "Mama, wewe mwenyewe ungeinunua?" Vijana mnalikwepa. Mnasema "nyumba nzuri ni ile unayoipenda wewe". Jibu hilo la kinyozi, la kumfurahisha kila mteja, achana nalo. Sema unachopenda. Mteja akijua macho yako yanapenda nini, anajua na kiasi cha kuyaamini.

Mimi napenda nyumba ya Kiswahili. Zile za Magomeni, Kariakoo ya zamani iliyobaki, Ilala, Temeke: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uwani nyuma kuna jiko, choo na kamba ya nguo. Najua mnachotaka kusema. Choo cha uwani, faragha hakuna, mpangaji wa chumba cha pili anajua umepika nini. Yote kweli. Lakini simama koridoni saa nane mchana na milango yote miwili iko wazi, mbele na nyuma, usikie upepo unavyopita. Halafu nenda kwenye nyumba mpya ya milioni mia tatu, sebule ina kioo kutoka sakafuni mpaka darini kinatazama magharibi, fensi imeziba upepo, miti yote imekatwa kwa sababu majani yanachafua pevingi, na mwenye nyumba anakuonyesha viyoyozi kwa fahari. Bili ya LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, hakuonyeshi.

Na nyumba ile inalisha watu. Mjane mwenye nyumba ya vyumba sita Magomeni anakaa viwili, vinne anapangisha, watoto wanasoma. Mkimshauri avunje ajenge ya kifahari mnamshauri nini hasa? Sisemi zisivunjwe kamwe. Pale Magomeni Kota wamejenga maghorofa, familia 644 zikarudi 2022, na wengi naona wametulia. Nasema tu ukimpeleka mteja kwenye nyumba ya Kiswahili usianze na "hii utabomoa". Mpitishe koridoni kwanza.

Kitu kingine ninachokipenda ni maandishi. Mnayaona mji mzima: NYUMBA HII HAIUZWI. Yameandikwa ukutani kwa rangi, mengine na tarehe, mengine "matapeli muogopeni Mungu". Mimi nikiyaona nateremka kwenye daladala. Ukuta ule unakwambia ndani kuna ndugu hawaelewani, au kuna aliyeiuza bila wenzake kujua, au kuna mirathi haijafunguliwa miaka kumi. Ukiletewa nyumba ya marehemu, uliza msimamizi wa mirathi ni nani na barua yake ya mahakama iko wapi. Mtoto mkubwa si msimamizi kwa sababu ni mkubwa. Na nyumba ya wanandoa, hata kama hati ina jina la baba peke yake, mke akubali kwa maandishi. Ulazima wa mke kukubali uko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, si huruma ya dalali. Niliwahi kumwambia mzee mmoja amlete mkewe, akasema mkewe hana shida. Nikasema basi kama hana shida atakuja. Sijamwona mpaka leo.

Napenda pia viwanja vya ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Kibada, Gezaulole, Mbweni, Bunju na kwingine. Barabara zilichorwa kabla ya nyumba. Vilikuwa mbali, watu wakavidharau, sasa wanaviota. Ila kupimwa peke yake kusikulevye, kuna viwanja vilivyopimwa vikauzwa kwa watu wawili. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina, uone kama benki imeweka mkono. Hata akiwa mjomba wako. Hasa akiwa mjomba wako.

Mwenyeji ananionyesha saa. Nilikuwa nataka kuwaeleza majengo ya Upanga na katikati ya mji, yale yaliyotaifishwa 1971, yakawa ya Msajili wa Majumba, na tangu 1990 yako Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa kifupi: mtu akikuuzia "haki yake" ndani ya jengo la Shirika, nenda ukaulize Shirika kabla hujatoa hata nauli. Ghorofa za kuuziana sehemu sehemu zina sheria yake ya 2008, siwezi kuimaliza hapa.

Wapangaji. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Andikeni kwenye mkataba kwamba inarudishwa kwenye kodi ya nyumba, iishe. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo naichukia, lakini sina ubavu wa kuiondoa. Mwenye ubavu yuko bungeni.

Ujira. Mwezi mmoja wa kodi kwa nyumba ya kupanga, na kwa mauzo asilimia mliyokubaliana mbele ya mnunuzi na muuzaji, wote wawili wakisikia. Cha juu hapana. Mwenye nyumba kasema milioni arobaini, wewe unamwambia mteja hamsini, siku ya kusaini wanakaa meza moja na mwanasheria anasoma bei kwa sauti. Utaangalia wapi? Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba tangu 1984, na bodi ya kuwasajili. Sisi bado mtu akiwa na simu na viatu anaingia kazini kesho asubuhi. Basi angalau viatu avitumie, aende huko viwanjani mvua ikinyesha.

Nimeambiwa nipokee maswali matatu. Yule dada mwenye ushungi wa kijani alinyoosha mkono tangu nilipotaja kifusi. Simama mwanangu, na useme kwanza kiwanja chenyewe kiko wapi.