Kijana Anapokabidhiwa Mpira wa Mkongwe

Walimu wenzangu, makocha, na nyinyi vijana mliokuja na glovu zenu: asanteni kwa kufika, na shikamooni wazee wetu wa Tanga mlioketi mbele. Nimeombwa nizungumzie namna ya kumchagua kijana wa kuanza kurusha pale mrushaji mkongwe wa besiboli, yule anayewatupia wapigaji mpira, anapoumia. Nitalizungumza hilo, ila moyo wangu uko zaidi kwenye yanayofuata baada ya uchaguzi, maana huko ndiko mikono ya watoto inakoharibikia.

Tarehe 9 Aprili 1981, Los Angeles Dodgers, timu ya ligi kuu ya Marekani, walikuwa wanafungua msimu dhidi ya Houston Astros. Jerry Reuss, aliyepangwa kuanza, akaumia kigimbi. Kocha Tommy Lasorda akampa mpira Fernando Valenzuela, kijana wa miaka 20 kutoka kijiji cha Etchohuaquila huko Meksiko, ambaye alikuwa hajawahi kuanza mechi hata moja ya ligi kuu. Akarusha mchezo mzima, wakashinda 2-0. Kisha akashinda mechi zake nane za kwanza mfululizo, na msimu ulipokwisha akatwaa tuzo ya chipukizi bora pamoja na Cy Young, tuzo ya mrushaji bora.

Wengi wanaita bahati. Mimi sikubali. Mwaka 1980 aliingizwa kutoka benchi katika mechi kumi, na haikupatikana alama hata moja iliyotokana na urushaji wake. Tena alikuwa na mpira wa pili, yaani namna ya pili ya kurusha, ule unaopinda kinyume na wapigaji walivyozoea, aliofundishwa na mrushaji mwenzake Bobby Castillo.

Huo mpira wa pili ndio ninaoutafuta mimi. Kijana mwenye kasi tupu atawasumbua wapigaji tisa mara ya kwanza. Wakirudi mara ya pili wameshamsoma, na mara ya tatu wanamsubiri. Kwa hiyo msimchague kwa kasi. Mtazameni akiwa na mkimbiaji kwenye besi, akiwa ametoka kumpa mpigaji besi ya bure kwa kurusha mipira minne mibaya: je, anaharakisha, au anavuta pumzi na kurudi kwenye ishara ya mdakaji, mwenzake anayechuchumaa nyuma ya mpigaji? Na huyo mdakaji mwulizeni. Yeye ndiye anayeipokea mipira ile mita 18 kutoka kilimani, pale anaposimama mrushaji, na anajua nani mpira wake unafika pale alipoomba.

Sasa Valenzuela huyohuyo. Mwaka 1986 alimaliza mwenyewe mechi 20, na watu wakashangilia. Mwaka 1988, mwaka uleule Coastal Union yetu ilipochukua ubingwa wa Bara, Dodgers nao walitwaa ubingwa wao, lakini bega lilikuwa limemwangusha na hakurusha katika fainali. Machi 1991 wakamwacha. Alikuwa na miaka 30. Alirudi kwenye timu nyingine, lakini ubora ule wa mwanzo haukurudi.

Linaniuma jambo hili. Kijana aliyeingia kwa sababu mwenzake ameumia hataki kusema kwamba naye anaumwa. Anaogopa kuipoteza nafasi. Msimwulize mbele ya wenzake. Mwiteni pembeni, mguseni kiwiko upande wa ndani, mtazameni usoni. Pale ndipo ilipo kano ambayo daktari Frank Jobe aliitengeneza upya kwa mrushaji Tommy John mwaka 1974. John alirudi uwanjani 1976 na akaendelea hadi 1989, lakini alikuwa mchezaji wa kulipwa mwenye madaktari wa klabu. Mtoto wa shule atafanyiwa na nani?

Mashindano yetu ya shule hubanwa katika siku chache, na kocha anayetaka kombe humrudisha mkono uleule kila asubuhi. Mwongozo wa Marekani kwa vijana wa miaka 17 na 18 unasema mipira isizidi 105 kwa siku, na akifikisha 81 apumzike siku nne. Kwa wa miaka 13 hadi 16 kikomo ni 95. Mwekeni mwanafunzi mmoja benchi na daftari, kazi yake kuhesabu tu. Kikomo kitajwe kabla ya mechi, mkongwe aliyeumia akisikia na aketi karibu na kijana, na mrushaji wa pili ajulishwe asubuhi kwamba hesabu ikifika 60 anaanza kupasha mwili moto.