Kiporo

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya chakula cha nyumbani kwa watu wasio na nafasi. Nilipokaa kujiandaa nilitaka kuwaletea mapishi ya haraka haraka, halafu nikayaacha. Mtu aliyetoka kazini saa kumi na moja, akapanda daladala mbili, akafika kwake giza limeshaingia na watoto wanauliza tunakula nini, pishi la haraka bado ni pishi. Bado kuna kitunguu cha kumenya na moto wa kuwasha. Kinachomfariji mtu huyo ni kufungua sufuria na kukuta nusu ya kazi imeshafanyika. Kwa hiyo leo nitazungumza juu ya kiporo.

Naona mnatabasamu. Kila aliyemo humu ndani amekula kiporo, na wengi tumekikula kama siri. Mgeni akipiga hodi asubuhi, wali wa jana unafunikwa upesi na mtoto anatumwa maandazi. Tunaogopa ataonaje. Aibu hiyo ndiyo niliyokuja kuiondoa, nikiweza.

Tuanze na maneno. Makombo ni yale yaliyobaki kwenye sahani mtu akishakula, yameshaguswa. Kiporo ni kilichobaki sufuriani kikiwa safi, kikalala, kikaliwa asubuhi. Wazee wa pwani wana neno mwiku, na wengine husema bariyo. Maneno matatu kwa chakula kimoja, na hakuna hata moja kati yake linalosikika kama tusi. Hata watangazaji wetu wa mpira wanalijua hili. Simba au Yanga ikisafiri kwa mashindano ya Afrika, mechi zake za ligi zinazosogezwa mbele huitwa viporo. Shabiki akitazama msimamo, timu yake iko nyuma kwa pointi nne, utamsikia: "Subirini, tuna viporo viwili." Anavihesabu kama mali iliyowekwa. Basi mezani kwetu tuvione hivyohivyo.

Mimi nimelelewa na bibi mzaa mama, hapa hapa Tanga. Nyumbani tulikuwa watu saba, na bibi alipima mchele wa watu tisa. Hakuwa anakosea. Alikuwa anapika chakula cha jioni na cha asubuhi kwa moto mmoja. Siku za shule wali wa jioni aliupika kwa maji, chumvi na mafuta kidogo. Wali wa nazi aliuweka kwa Ijumaa na sikukuu, siku ambazo alijua sufuria itakombwa yote, kwa sababu tui huchacha upesi kwenye joto hili letu na wali wa nazi ukilala unaamka na harufu. Maji yakikaribia kukauka alipunguza moto chini, akapalia makaa juu ya mfuniko, akauacha wali ujimalize wenyewe. Ndipo ukoko ulipojitengeneza.

Alfajiri ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Bibi alichovya vidole kwenye bakuli la maji akaunyunyizia wali, mara tatu, mara nne, kisha akafunika na kusubiri mpaka mfuniko uanze kutikisika kwa mvuke. Hakuruhusu mtu kufunua kabla. Chai ya rangi ilikuwa pembeni, ina mchaichai. Tukisikia kijiko kinakwangua chini ya sufuria, sote tulikuwa tumeshaamka bila kuitwa. Ukoko uligawanywa kwa zamu, lakini mwenye mtihani siku hiyo alipewa yeye, hata kama zamu haikuwa yake. Nilifanya mtihani wa darasa la saba nikiwa na ladha ya ukoko mdomoni, na mpaka leo nikiusikia unavunjika menoni najiona mtu ninayetegemewa.

Sasa, kwa nini wali wa jana una ladha yake peke yake? Mchele ukichemka, wanga uliomo hunywa maji na kulegea. Ndiyo maana wali wa moto ni laini. Ukipoa, nyuzi za wanga hujipanga upya na kukaza, punje zinaachana. Wanaokaanga wali kwa kitunguu, bizari na yai wanajua kwamba wali uliotoka jikoni sasa hivi hugeuka bokoboko kikaangoni, ule wa jana unatoka umechambuka. Sehemu ya wanga huo uliojipanga upya hukataa kumeng'enywa kwenye utumbo mwembamba, inasafiri mpaka utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria wema walioko huko. Ni sehemu ndogo, sitaki mtu aondoke hapa akasema kiporo ni dawa. Nawaambia tu kwamba chakula kilicholala kimebadilika kweli.

Viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha navyo hupendeza vikipoa. Pilau wote mnajua: viungo vinaingia ndani usiku kucha, na ya kesho yake huwa na wagombanaji.

Lakini mfalme wa viporo, kwangu mimi, ni maharage. Nikae hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtu mwenye kazi nyingi anapookoka.

Wengi tunapika maharage kuanzia mwanzo mpaka mwisho: kuchagua, kuloweka, kuchemsha, kuunga, kula. Tukichoka tunaacha kabisa, tunanunua chipsi. Makosa yetu ni kuunga sufuria nzima. Jumamosi chagua kilo moja, loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa maji mapya mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili. Jikoni kwako kumetulia, moto unafanya kazi, wewe unafua au unasuka mtoto nywele. Yakiiva, gawa. Ya leo unga kwa nazi, kitunguu na karoti, mle. Yaliyobaki yaache chukuchuku, bila nyanya wala tui, yatie kwenye vibakuli pamoja na supu yake, yakishapoa yaingie kwenye friji au friza. Jumatatu toa kibakuli kimoja, unga kwa nyanya na pilipili hoho. Jumatano toa kingine, kitie tui. Siku nyingine yaponde, uyapake kwenye chapati. Kila siku ni mboga mpya, na hakuna siku uliyokaa saa mbili ukingoja maharage yaive. Kuunga ni dakika 15, na kuunga ndiko kunakoleta harufu inayomfanya mtu aingie jikoni akauliza, leo kuna nini? Raha ya mpishi iko hapo. Kuchemsha ni subira tu, na subira unaweza kuiweka akiba.

Nimetaja akiba. Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa fedha na maneno ni kweli. Akiba ya chakula kilichopikwa inaoza, na inaweza kudhuru kabla hujaisikia harufu. Hili nitalisema bila haraka.

Wanangu wakiwa wadogo, mwezi wa Februari, joto la Tanga mnalijua, nilibakiza wali saa mbili usiku nikauacha kwenye hotpoti. Saa kumi na mbili asubuhi nilifungua, ukanukia vizuri, ukawa vuguvugu. Nikasema haina haja ya kuwasha moto. Nikawapakulia hivyohivyo. Kabla ya saa nne nilipigiwa simu kutoka shule: wote wawili wanatapika. Nilikwenda mbio. Walipona siku ileile, Mungu ni mwema, lakini uso wa mtoto wangu mdogo ulivyokuwa umepauka pale kwenye benchi sijausahau.

Baadaye nilijifunza. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus. Anaishi udongoni na kuja na mchele tangu shambani, akiwa amejifungia ndani ya gamba gumu linalostahimili kuchemshwa. Wali ukiwa wa moto kweli hafanyi kitu. Ukiwa baridi kweli hafanyi kitu. Ukiwa katikati, baina ya nyuzijoto 5 na 60, anaamka, anazaana, na anaweza kuacha sumu ndani ya wali. Sumu hiyo ya kutapisha haiharibiki kwa kupashwa moto. Unaweza kuuchemsha wali huo mpaka uungue na bado ukamtapisha mtu baada ya saa chache. Sasa fikirini hotpoti: saa za mwanzo joto linatosha, halafu linashuka polepole, na sehemu kubwa ya usiku wali unakaa vuguvugu, umefunikwa, una unyevu. Nilikuwa nimemtandikia kitanda.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, kiingie kwenye baridi ya chini ya nyuzijoto 5, na kikipashwa kitoe mvuke hadi katikati, zaidi ya nyuzijoto 70. Kwa hiyo kiporo chako kitenge kabla watu hawajaanza kula, wakati wali ungali safi, usisubiri mwisho. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, usiuache lundo ndani ya sufuria nene. Mchuzi au maharage, kalisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi, koroga. Kisha friji. Wali wa friji ule kesho yake. Pasha mara moja, kiasi kinacholiwa, na kilichobaki hapo usikirudishe.

Na asiye na friji? Ukweli ni kwamba chakula kilichopikwa kisilale kwake, uwe wali wa nazi au wa maji, maharage, nyama au mchuzi wa samaki. Apike vya kumalizika. Umeme ukikatika usiku kucha, mwenye friji naye yuko kundi hilohilo. Naumia kulisema mbele ya watu waliolelewa kwa kiporo cha kwenye kabati, nami ni mmoja wao, lakini nimelisema.

Kuhusu aibu, nitawapa mfano wa ng'ambo ya bahari hii yetu. Bangladesh kuna chakula kinaitwa panta bhat: wali wa jana uliolowekwa maji usiku, ukachachuka kidogo, unaliwa asubuhi kwa chumvi, kitunguu na pilipili mbichi. Ni chakula cha mkulima anayekwenda shambani. Mwaka 2021, kwenye fainali ya mashindano ya mapishi ya MasterChef Australia, Kishwar Chowdhury, ambaye wazazi wake wana asili ya huko Bengali, aliwapelekea majaji chakula hicho. Angeweza kupika chochote. Alimaliza wa tatu, na watu wa kwao walifurahi kama kwamba kila bibi wa kijijini amealikwa Australia.

Nasi huku bado tunafunika sufuria mgeni akipiga hodi, na wengine tunaona heri kutupa. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni 1 za chakula, ukihesabu na maganda na mifupa, na tani 6 katika kila 10 zilitoka majumbani. Kwenye majiko kama yangu na yako.

Dada mmoja aliniuliza pale mlangoni kama mume wake atakubali. Dada yangu, mume naye ana mikono. Mpe zamu ya kunyunyizia maji na kusubiri mvuke, kesho asubuhi, nyumba ikiwa bado kimya. Asifunue mapema. Kijiko kikianza kukwangua, watoto watakuja wenyewe.

Nimemaliza. Tuchukue maswali, na tuanze na mama yule wa nyuma, aliyeinua mkono tangu nilipotaja hotpoti.