Faili Unalotuma Litafunguliwa kwa Simu ya Nani?

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumze na makatibu wa vikundi juu ya kuchagua aina ya faili tunapotumiana nyaraka mtandaoni. Nimekaa nyuma ya kaunta ya stesheneri miaka 14, naprinti, naskani, natuma. Basi nitaanzia pale pale kaunta.

Alikuja mama mmoja, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, macho mekundu. Alikuwa ameandaa hesabu za mwaka mzima katika Word, kwenye kompyuta ya mwanawe, akazituma kwenye kundi la WhatsApp. Jedwali lilikuwa na safu tano: jina, hisa, mkopo, marejesho, baki. Kwenye kompyuta ile lilikaa vizuri. Kwenye simu za wanachama safu ya baki ilisukumwa hadi ukurasa wa pili, ikabaki peke yake bila majina. Mwanachama mmoja akaona 180,000 mwishoni mwa mstari wake, akadhani ndilo deni lake. Kumbe ni fedha alizokwisha kurejesha! Ugomvi ukadumu wiki mbili, na mama wa watu akaitwa mwizi, ilhali hesabu zake zilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho.

Sasa sikilizeni kwa nini ilitokea. Faili la Word halibebi ukurasa uliokwisha kupangwa. Linabeba maneno pamoja na maelekezo: hapa pana jedwali, hapa herufi nene, hapa fonti fulani, yaani umbo la herufi. Mkirudi nyumbani chukueni nakala ya faili lenye mkia wa .docx, badilisheni mkia uwe .zip, kisha mlifungue. Mtakuta vifaili vidogo vidogo, kimojawapo kinaitwa document.xml, na humo ndimo yalimo maneno yenu. Anayepanga ukurasa ni kompyuta au simu ya yule anayepokea, kwa fonti ilizo nazo. Ikikosa fonti uliyotumia, inashika nyingine. Herufi zikiwa pana kidogo tu, mstari unajikunja na jedwali linahama. Walimu wa madrasa wanaoniletea kazi wanalijua hili zaidi: waraka wenye aya za Kiarabu ukifika kwenye mashine isiyo na fonti yake, irabu zinaruka juu ya herufi zisizo zake. Kwa maandishi kama yale hilo si jambo dogo hata kidogo.

PDF, aina ya faili inayobeba ukurasa uliokwisha kupangwa, ilizaliwa kutokana na shida hii hii. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Adobe, aliandika waraka mfupi wa mradi aliouita Camelot. Alitaka waraka utoke kwenye kompyuta moja ufike kwenye nyingine, ya aina yoyote, ukiwa vile vile ulivyo. PDF yenyewe ikatoka mwaka 1993. Inaweza kubeba fonti ndani yake, na kila herufi imepangiwa mahali pake. Tangu mwaka 2008 ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000, na mtu yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuifungua. Ndiyo maana hata simu ya bei ya chini inaimudu.

Kwa hiyo kabla ya kutuma jiulize: huyu anayepokea anakwenda kulifanya nini faili langu? Serikali ya Uingereza ilipoamua jambo hili mwaka 2014 ilitenganisha hivyo hivyo: waraka wa kusomwa tu uwe PDF/A, aina maalumu ya PDF, au HTML, yaani ukurasa wa tovuti, na waraka wa kuhaririwa pamoja uwe ODF, aina inayotumiwa na LibreOffice, programu ya kuandikia kama Word ila haiuzwi. Kwetu sisi, hesabu, mihtasari na matangazo ni PDF. Rasimu ya katiba ambayo wenzako wataifanyia marekebisho, tuma Word au ODT, yaani faili la maandishi la ODF. Katiba ikishapitishwa, ihifadhi kama PDF/A, iliyotengenezwa mahsusi kwa kutunza nyaraka miaka mingi.

Hapa ndipo pananiuma. Wengi wetu tunaandika waraka kwenye kompyuta, tunauprinti, tunagonga muhuri, tunaupiga picha kwa simu, tunazikusanya picha zile kuwa PDF, tunatuma. Jina ni PDF, ndani ni picha tupu. Kurasa 12 za maandishi, ambazo hazikupaswa kufika hata MB moja, zinakuwa MB 30, na bando linalolika ni la bibi aliye kijijini. Hawezi kutafuta jina lake humo. Na mwanachama asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti, anafungua faili na simu inakaa kimya. Huyo tumemfungia nje ya kikundi chake mwenyewe. Muhuri ukihitajika, skani ukurasa ule wenye sahihi tu. Zilizobaki zitoke moja kwa moja kwenye kompyuta. Na kama ni lazima utume picha ya waraka kwa WhatsApp, itume kama hati, maana ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na tarakimu ndogo zinafifia.

Jingine, na hili ni la hatari. Ukitaka kuficha namba ya kitambulisho au ya simu ya mtu, usiifunike kwa kiboksi cheusi ukaona umemaliza. Januari 2019 huko Marekani mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya urais ya Donald Trump, walipeleka mahakamani PDF yenye mistari iliyofunikwa kwa weusi. Waandishi wa habari wakanakili maneno yaliyokuwa chini yake, wakayabandika kwingine na kuyasoma yote. Ifute namba kwenye faili la mwanzo, ndipo utengeneze PDF.

Haya, shikeni simu zenu. Faili nililowatumia kabla ya chai lina kurasa mbili zenye maneno yale yale. Ukurasa wa kwanza bonyezeni neno "hisa" mlishikilie kidogo, mpaka liwe na rangi. Mama uliyekaa dirishani, lako limekubali? Vizuri. Sasa nendeni ukurasa wa pili, bonyezeni neno lile lile.