Chembe Ikipungua, Mchoro wa Fazi Hubadilika

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Shaba ya mgodi wa Kilembe, Uganda, tunaijua kwa matani yake. Leo tuitazame ikiwa chembe ya nanomita 3 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), tuone udogo unavyoubadilisha mchoro wa fazi, yaani ramani inayoonyesha metali iko katika hali gani kwa kila joto na kila mchanganyiko.

Tuhesabu pamoja. Chembe hiyo ikiwa ya mviringo, ina atomi zipatazo 1,200, na karibu 4 katika kila 10 zimekaa usoni, ambako majirani wa kushikana nao ni wachache. Kwenye chembe ya nanomita 30, za usoni ni kama 5 tu katika kila 100. Naomba muiandike tofauti hiyo, maana yote yanayofuata yanatoka hapo.

Atomi iliyopungukiwa na majirani ina nishati ya ziada. Ndiyo sababu dhahabu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, ikifika nanomita 2 au 3 huyeyuka mamia ya nyuzi chini ya hapo. Mwanasayansi Pawlow alilitabiri jambo hili mwaka 1909.

Kwenye aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ndiko mambo yanakonoga. Yeyusha shaba na fedha pamoja, zitachanganyika vizuri. Zikipoa taratibu, zinaachana. Yutektiki yao, yaani joto la chini kabisa ambalo mchanganyiko wao bado unaweza kuwa kimiminika, iko kwenye nyuzi 779, na chini yake kuna fazi mbili: fedha yenye shaba kidogo, na shaba yenye fedha kidogo. Sasa punguza chembe. Ili zitengane, lazima pawe na mpaka kati yao, na mpaka unagharimu nishati. Katika nanomita chache gharama hiyo inameza sehemu kubwa ya faida ya kutengana. Basi eneo la kutengana husinyaa, na yutektiki hushuka. Zikitengana hata hivyo, fedha hukimbilia nje na kuifunika shaba, kwa kuwa nishati ya uso ya fedha ni ndogo kuliko ya shaba.

Chuma na platinamu, nusu kwa nusu, hujipanga tabaka kwa tabaka, na mpangilio huo ndio unaozaa sumaku kali inayotakiwa kwenye diski za data. Kipande kikubwa huuhifadhi hadi nyuzi 1,300 hivi. Chembe ikikaribia nanomita 2 au 3, mpangilio hulegea mapema zaidi. Wahandisi wanataka punje ndogo ili data nyingi ienee, na udogo huohuo unawanyang'anya sumaku. Kwangu mimi hili ndilo tatizo zuri kuliko yote katika somo hili.

Michoro ya fazi mliyo nayo vitabuni ni ya vipande vikubwa. Mkiwa maabara, pimeni kipenyo kwa hadubini ya elektroni kabla ya kuandika kwamba fazi fulani ni thabiti. Angalieni pia kilichoizunguka chembe: oksijeni ikifika, inaweza kuivuta shaba irudi usoni, na yale niliyowaambia kuhusu fedha kukaa nje yakageuka. Haya, nani ana swali?