Yeye, Wao na "-ingi": Maneno Madogo ya Kiingereza Yanayotuponza

ZUHURA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo tunakaa na maneno madogo ya Kiingereza ambayo huwasumbua hata waliokisoma miaka mingi: "he", "she", "his", "her", "much", "many", "few". Kaka Baraka, tuanzie wapi?

BARAKA: Tuanze na "his" na "her", dada Zuhura, maana hapo ndipo msemaji wa Kiswahili hujikwaa zaidi. Sisi tunasema kitabu chake, vitabu vyake, nyumba yake. Tunaangalia kinachomilikiwa. Mwenyewe awe mwanamume au mwanamke, hatuulizi.

ZUHURA: Na Kiingereza kinamuuliza huyo huyo tusiyemuuliza.

BARAKA: Ndiyo. Vitabu viwe kimoja au mia, "her" haibadiliki mradi mwenyewe ni mwanamke. Sasa chukua sentensi hii: "Asha anampenda kaka yake." Mwanafunzi anaandika "Asha loves his brother". Ukimwuliza kwa nini, atakwambia kaka ni mwanamume. Amepatanisha na kaka, kama tunavyopatanisha na ngeli. Matokeo yake msomaji anabaki kujiuliza: kaka wa nani? Ameingia mwanamume mwingine kabisa ambaye hakutajwa. Sahihi ni "Asha loves her brother".

ZUHURA: Je, kama simjui? Mtu kaacha simu mezani, sijui ni mke au mume.

BARAKA: "Somebody left their phone." Na matumizi hayo si ya juzi: "they" kwa mtu mmoja limo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Mimi nalipenda sana, maana linakaribia "yeye" yetu. Ila chunga kitenzi. Hata kama ni mtu mmoja, utasema "they are".

ZUHURA: Kuna jingine nalisikia kila mara: "My teacher he is late."

BARAKA: Hilo linatoka kwenye viambishi vyetu. Katika "mwalimu amechelewa", ile "a" ya mwanzo inamrejelea mwalimu, na huwezi kuiacha. Basi mtu anaitafutia nafasi kwenye Kiingereza, anaweka "he". Lakini ukishasema "my teacher", kiima kimekamilika. "My teacher is late", basi.

ZUHURA: Twende kwenye idadi. Hapa naona "-ingi" ndiyo inayotuponza. Watu wengi, vitabu vingi, sukari nyingi, maji mengi: shina moja linatutosha kote. Wenzetu wanagawa, "many books" lakini "much sugar".

BARAKA: Na maji ndiyo yanachanganya zaidi, maana kwetu yanachukua upatanisho unaofanana na wa wingi, kama mayai mengi. Swali la kujiuliza ni kama unaweza kusema kimoja, viwili, vitatu.

ZUHURA: Hapo tahadhari, kaka, mantiki haiokoi kila mara. Viti vinahesabika, meza zinahesabika, lakini "furniture" haihesabiki. Vivyo hivyo "advice", "luggage", "information", "equipment". Hayo hayapokei "s". Ukitaka ushauri mmoja, sema "a piece of advice". Ningemshauri mtu akariri kila nomino ya namna hiyo pamoja na "much" yake, kwa sauti.

BARAKA: Ongeza nywele. Sisi tunasema nywele zake ni nyeusi, wingi mtupu. Wao: "Her hair is black." Ukisema "hairs", msikilizaji anawaza unywele mmoja mmoja. Na mtu akikwama kabisa, "a lot of" inakubali kote kuwili.

ZUHURA: Tofauti ya "few" na "a few"?

BARAKA: Ile "a" inageuza maana. "A few people came": walikuja watu kadhaa, msemaji hana neno. "Few people came": wachache tu ndio waliokuja, na kuna kusikitika ndani yake. Kwa visivyohesabika ni "little" na "a little". Sasa fikiria mtu anaandika barua ya kuomba kazi, anataka kusema ana uzoefu kiasi, anaandika "I have little experience". Mwajiri anasoma kwamba uzoefu hana.

ZUHURA: Hiyo inauma. Lakini kuna mahali Kiswahili kinatubeba: "kila". Hatusemi kila watoto wana, tunasema kila mtoto ana.

BARAKA: Na "every child has", hivyo hivyo. Hata "everybody" ni umoja: "everybody is". Ila "nobody" msiipe kukanusha mara ya pili. "Nobody came" imetosha. Ukisema "nobody didn't come", umesema wote walikuja.

ZUHURA: Wasikilizaji, zoezi moja. "Nilimwona Juma na dada yake; hawakuwa na mizigo mingi." Simamisha kipindi kidogo, uandike.

BARAKA: Jibu: "I saw Juma and his sister; they didn't have much luggage."