Kwa nini nyuso zetu zinatoka na madoa kwenye mchoro wa penseli

Asanteni, kaeni. Hatua zenyewe za kugeuza picha kuwa mchoro wa penseli kwenye kompyuta mnazijua. Unafungua picha, unaiondolea rangi, unanakili leya, yaani tabaka la picha, ya juu unaigeuza ili nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi, unaiweka kwenye Color Dodge, ile namna ya kuchanganya leya ya juu na ya chini, karatasi yote inakuwa nyeupe, kisha unaitia ukungu kwa Gaussian Blur na mistari inajitokeza. Kwenye programu ya GIMP imeandikwa Dodge tu, na GIMP ni ya bure, kwa hiyo habari za Photoshop kuwa ghali tuziache nje ya mlango.

Nilichokuja kusema nimeshakisema sana, na kwa kuwa bado naletewa michoro ileile, nitakisema tena. Kijana mmoja alinionyesha mchoro wa mama yake, aliouagiza steshenari ili autundike sebuleni. Picha ilipigwa mchana, mama yuko nje, kanga kajitanda kichwani. Mchoro ulimpa mama ndevu. Vidoadoa vimejaa kidevuni na juu ya mdomo, macho ni mashimo mawili meusi, wakati ukuta wa chokaa nyuma yake umetoka safi kabisa. Na aliyeutengeneza akamwambia, "Ngozi nyeusi ndivyo inavyotoka." Yule kijana akalipa, akaondoka ameinamisha kichwa.

Jibu lile si kweli, na linamdhalilisha mteja. Chukueni kalamu niwaonyeshe.

Kila nukta ya picha ina namba, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi tii hadi 255 ambayo ni nyeupe pee. Ukishapitia zile hatua, kompyuta inafanya hesabu moja tu: inachukua namba ya nukta, inaigawanya kwa wastani wa majirani zake, inazidisha kwa 255. Nukta ikilingana na majirani, jibu ni 255, yaani karatasi tupu. Ikiwa nyeusi kuliko majirani, unapata mstari. Hakuna penseli humo ndani, ni kugawanya tu.

Sasa twende kwenye ule ukuta. Nukta ina 200, majirani wastani 205. Tofauti ni 5. Gawanya, zidisha, unapata 249. Jicho halioni kitu. Njoo kwenye shavu lililo kivulini: nukta ina 20, majirani 25. Tofauti ni ileile 5! Gawanya, zidisha: 204. Hilo ni doa, linaonekana ukiwa umesimama mlangoni. Na sehemu ya giza ndiyo kamera ya simu inayojaza chembechembe zake yenyewe. Kwa hiyo ndevu za yule mama zilikuwa chembe za kamera, zikakuzwa na kugawanya. Mzungu mweke gizani, atatoka na ndevu vilevile. Mtu mweusi mpe mwanga wa kutosha usoni, atatoka laini.

Najua kuna anayesema moyoni: si niongeze mwanga kwenye kompyuta kwanza? Haya, zidisha mara 4. Ile 20 inakuwa 80, ile 25 inakuwa 100. Gawanya 80 kwa 100. Jibu limebadilika? Doa liko palepale! Ukiziinua namba zote kwa kujumlisha, tuseme 60 kila moja, doa litafifia kweli, 80 kwa 85, lakini kope na mikunjo ya macho navyo vitafifia pamoja nalo, na kope ndizo mteja alizokulipia. Mwanga uliokosekana wakati wa kupiga picha haununuliwi baadaye.

Na sisi wa Dodoma jua letu ni la kuangaliwa. Tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la kama saa sita na nusu linakaa utosini hasa. Paji la uso linawaka, macho yanaingia shimoni. Mtoe mtu wako juani. Mweke barazani, chini ya kivuli cha paa, uso uelekee uwanjani kwenye mwanga, mgongo uelekee ukutani. Mwombe mtu ashike shuka jeupe chini ya kidevu, usawa wa kifua, mwanga upande juu hadi kwenye macho. Tazama mboni: ukiona kidoa cheupe cha mwanga ndani ya kila jicho, piga. Usipokiona, sogeza shuka. Shuka halina gharama, lipo kila nyumba.

Picha ikiwa ni ya zamani na mwenyewe hayupo tena, msaada upo kidogo. Usibonyeze tu kuondoa rangi, kwa sababu mara nyingi hesabu ile inaipa kijani uzito mkubwa kuliko nyekundu. Ngozi ya kahawia ina nyekundu nyingi. Fungua kichanganya chaneli (Channel Mixer), unapopanga mwenyewe uzito wa kila rangi, ipe nyekundu uzito mkubwa, bluu iache kabisa, ndiko kwenye chembe nyingi. Uso utapanda wenyewe kabla ya kugawanya.

Kuna wanaosema akili mnemba inamaliza yote haya. Inachora vizuri, ndiyo, ila pale isipoona inabuni, na mwenye mama anataka uso wa mama yake.

Nimeonyeshwa karatasi ya muda, kwa hiyo haya mengine haraka. Namba ya ukungu msiikariri: 10 kwenye picha yenye upana wa nukta 1000 na 10 kwenye picha yenye upana wa nukta 4000 ni vitu viwili tofauti, vuteni polepole huku mkitazama kope. Picha ya WhatsApp imebanwa katika vimraba vya nukta 8 kwa 8, na kugawanya kutavifichua gizani, kwa hiyo mteja atume kama dokumenti. A4 ya kuprinti kwa nukta 300 kila inchi inataka picha ya nukta 2480 kwa 3508. Habari za Kolo, kule Kondoa, na namna Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alivyonakili kwa mkono michoro ya miambani mwaka 1951, nilitamani sana tuzifikie. Leo hazitawezekana.

Washeni kompyuta. Mwenye picha ya uso ulioingia kivulini aje nayo mbele, tunaanza na hiyo.